Kuzima kiokoa betri kwenye kishikwambi, na kukizuia kisijiwashe tena

Ujumbe wa grupu la walimu umetumwa alfajiri, wewe unaupata saa nne asubuhi, tena wote kwa mpigo, mara tu unapofungua WhatsApp. Programu ya adhana inakaa kimya hadi watu wanatoka msikitini. Skrini ina giza hata ukiwa ndani, video ya watoto inakwamakwama, na fomu uliyojaza tangu asubuhi haijapanda kwenye mfumo. Mtu akiona hayo anasema kifaa kimechoka, anakibeba hadi kwa fundi. Wapo mafundi waungwana, Masasi wapo na Lindi mjini wapo, watakaobonyeza mara moja na kukurudishia bila kukudai hata mia. Wapo pia watakaosema, "Niachie mpaka jioni, mfumo umekorofisha." Kabla hujamwachia mtu kifaa chenye picha zako na namba zako za siri, angalia kama kiokoa betri kimewashwa, yaani ule mpangilio unaobana mwanga, kasi na programu ili chaji idumu.

Huku Kusini mwa Tanzania vishikwambi vimeenea kuliko watu wanavyodhani. Vile vya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na utavikuta pia mikononi mwa mabwana shamba na makarani msimu wa korosho unapoanza. Umeme nao tunaujua. Gesi inatoka Mnazi Bay na Songo Songo, inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, na sisi tuliolala jirani na visima bado tunaujua umeme wa kukatika ghafla. Siku hiyo unawasha kiokoa betri, umeme unarudi, unasahau. Au hukukiwasha wewe kabisa, kilijiwasha chenyewe.

Kukizima ni kubonyeza mara moja. Shughuli iko kwenye kukifanya kisirudi, maana kuna mambo matatu tofauti yenye dalili zinazofanana: swichi yenyewe, ratiba inayoiwasha swichi hiyo bila kukuuliza, na vizuizi vya programu mojamoja vinavyobaki hata swichi ikiwa imezimwa. Anayeshughulikia la kwanza peke yake kesho anarudi na malalamiko yaleyale.

Hakikisha kwanza ndicho chenyewe

Tazama alama ya betri, juu kulia. Kwenye Android nyingi za miaka hii, kiokoa betri kikiwaka alama hiyo hupata kijumlisha ndani yake, au hubadilika rangi. Vifaa vya zamani, toleo la 5 mpaka la 8, vilikuwa vinatangaza waziwazi kwa utepe wa rangi ya chungwa juu na chini ya skrini. Kama kishikwambi chako ni cha enzi hizo na utepe unauona, huna haja ya kumuuliza mtu. Toleo la 9 la mwaka 2018 liliuondoa, ndiyo maana siku hizi kiokoa betri kinaweza kuwaka wiki nzima na mwenye kifaa asijue. Kwenye iPad, betri hugeuka njano.

Kuna mambo mengine yanayosingiziwa kuwa ni kiokoa betri, na ukiyachanganya utazima usichokitafuta.

La kwanza ni kiokoa data. Hicho kinazuia programu kula bando zikiwa chinichini, kwa hiyo nacho huchelewesha ujumbe. Tofauti ni kwamba kiokoa data hakigusi mwanga wa skrini wala kasi ya kifaa. Ujumbe ukichelewa lakini kila kitu kingine kiko sawa, anza na hicho: Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha Kiokoa Data.

La pili ni kinga ya betri. Watu wanalalamika, "Chaji inaishia 85 haisogei." Au inaishia 80. Hakuna kilichoharibika. Samsung, kwa mfano, wana mpangilio wa kusimamisha chaji kabla haijafika 100 ili betri iishi miaka mingi. Mimi ningekushauri uuache kama kifaa kinashinda mezani karibu na soketi. Ukiwa unakwenda kijijini kushinda kutwa, uzime siku hiyo upate chaji kamili.

La tatu ni joto. Kishikwambi kilichoanikwa juu ya tangi la bodaboda kutoka Mtama mpaka Nyangao, au kilichosahauliwa kwenye dashibodi ya gari, hupunguza mwanga na mwendo chenyewe ili kisiungue. Hapo hakuna mpangilio wa kuzima. Kiweke kivulini, kivue kava, ukiache kipoe chenyewe. Usikitie kwenye friji.

Njia ya mkato

1. Weka kidole kwenye ukingo wa juu kabisa wa skrini, ukiteleze kwenda chini. Rudia mara ya pili ili vitufe vyote vifunguke.
2. Tafuta kitufe chenye picha ya betri kilichoandikwa Kiokoa Betri. Aliyeacha kifaa chake katika Kiingereza ataona "Battery Saver", na kwenye Samsung ni "Power saving". Kisipoonekana, sukuma ukurasa kuelekea kushoto, vingine vimejificha huko.
3. Bonyeza mara moja. Kitufe kikipoteza rangi yake, kimezimika.

Mwanga unatakiwa kupanda papo hapo na ujumbe uliokwama uanze kuingia. Usipopanda, kiburute kile kistari cha mwanga kwa mkono. Skrini ikibaki nyeusi yenye maandishi meupe, hayo ni mandhari meusi, yana kitufe chake hapohapo.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwenye Android ya kawaida, ukishachomeka chaja kiokoa betri hujizima, na kitufe hufifia kisibonyezeke. Unadhani umeshinda. Ukichomoa waya chaji ikiwa bado ndogo, kinaweza kurudi. Samsung wao wanafanya kinyume: kinaweza kubaki kimewaka hata kifaa kikiwa kwenye umeme. Kwa hiyo usipime matokeo huku waya umechomekwa. Chomoa, subiri kidogo, ndipo utazame alama ya betri.

Kupitia Mipangilio

Mipangilio ni ile programu yenye alama ya gia. Android ya kawaida: fungua Mipangilio, shuka hadi Betri, ingia Kiokoa Betri, zima swichi. Basi.

Samsung inategemea umri wa kifaa. Kwenye vingi utapita Mipangilio, halafu "Battery and device care", halafu "Battery", na hapo utaiona "Power saving". Kwenye matoleo mapya "Battery" imesogezwa nje, unaikuta moja kwa moja ukiingia Mipangilio. Usiishie kugusa swichi tu. Gusa maneno yenyewe ya "Power saving" ukurasa ufunguke, usome yaliyomo: kupunguza mwanga kwa asilimia 10, kubana kasi ya prosesa isizidi asilimia 70, na mengineyo. Hayo unaweza kuyachagua mojamoja. Mwenye kutaka betri idumu lakini video isikwame anaweza kuruhusu mwanga upungue na kukataa kubanwa kwa prosesa. Kwa mwalimu anayeonyesha video darasani huo ndio mpangilio ninaoupenda, kuliko kuzima kila kitu.

Tecno, Infinix na itel majina hubadilika toleo kwa toleo, ila yote yapo chini ya sehemu ya betri ndani ya Mipangilio. Wao huongeza programu yao ya kusafisha simu, Phone Master, ambayo nayo ina mkono wake kwenye kufunga programu. Huawei nao wanaweka "Power saving mode" chini ya Betri, na karibu yake ile kali zaidi.

Hiyo kali zaidi inastahili kutajwa peke yake. Ukikuta skrini ya mwanzo imegeuka nyeusi, picha uliyoweka nyuma haipo, na zimebaki programu chache tu mithili ya simu ya kitochi, usilie kwamba vitu vyako vimefutika. Kifaa kimeingizwa kwenye hali ya kuokoa betri kupita kiasi, mara nyingi na mtoto aliyekuwa anabonyezabonyeza. Kila kitu kipo. Kwenye skrini hiyohiyo nyeusi tafuta vinukta vitatu kwenye kona, au neno la kutoka au kuzima, na uguse. Kifaa kitachukua sekunde kadhaa, kisha picha zako na programu zako zinarudi zilipokuwa. Fundi akikwambia hapa panahitaji kuflashi, chukua kifaa chako uondoke. Kuflashi kunafuta kila ulichokuwa nacho, na tatizo lenyewe lilikuwa la kugusa mara mbili.

Ratiba, ambayo ndiyo inakirudisha

Ukiwa bado kwenye ukurasa wa Kiokoa Betri, tafuta mstari wa ratiba, au wa kuwaka kiotomatiki. Watu huuruka huo kwa sababu hauna swichi inayong'aa.

Kwenye vifaa vya zamani kuna machaguo matatu: kisijiwashe kabisa, kijiwashe chaji ikifika asilimia 5, au kijiwashe ikifika 15. Hiyo 15 haina madhara makubwa, hata mimi ningeiacha. Kwenye vifaa vipya mambo yamepanuka. Unaweza kukuta kimewekwa kijiwashe kwa asilimia unayoichagua mwenyewe kwa kuburuta kistari, na kistari hicho kinaweza kupanda hadi 75. Hebu fikiria kimewekwa 75. Unatoka nyumbani Mikindani saa kumi na mbili asubuhi chaji imejaa, kufika saa tatu imeshuka chini ya 75, kiokoa betri kinawaka. Unakizima. Kesho yake saa tatu kinawaka tena. Unaapa kwamba kifaa kina jini. Hakina. Kistari kimevutwa juu, labda na aliyekuuzia, labda na aliyekitumia kabla yako.

Pia kuna chaguo la kijiwashe kulingana na mazoea yako. Hapo kifaa kinabashiri chenyewe saa ngapi utafika kwenye soketi, na kikiona chaji haitatosha kinajiwasha. Kwa mtu wa ofisini anayechaji saa ileile kila siku, sawa. Kwa mtu wa Newala au Liwale, ambaye leo umeme upo na kesho haupo, ubashiri huo unakosa msingi na kiokoa betri kinawaka saa usiyoitegemea. Liondoe.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Gusa mstari wa ratiba.
2. Chagua kusiwe na ratiba yoyote. Kama unaogopa kuzimikiwa kabisa, chagua asilimia na uvute kistari hadi 10 au 15, usizidishe.
3. Rudi nyuma ukurasa mmoja. Ukiona mstari unaosema kizimwe chaji ikifika 90, uwashe. Huo ni msaada kwako, unakizima wenyewe ukichaji, hata kama wewe umesahau.

Kwenye Samsung tafuta maneno ya uokoaji unaojirekebisha, "Adaptive power saving". Huko kifaa hujifunza unavyokitumia na kinaweza kuwasha uokoaji chenyewe. Zima kile kipengele kinachokiruhusu kuwasha "Power saving". Na kama kuna mtu alikutengenezea taratibu za kujiendesha, kwamba usiku ukiingia kifaa kifanye hiki na kile, pita huko pia, kwenye "Modes and Routines" au jina linalofanana na hilo.

Jambo dogo ambalo watu hawalijui: chaji ikishuka sana kifaa hutoa ujumbe kuuliza kama kiwashe kiokoa betri. Mtoto anayecheza gemu atabonyeza chochote ili ujumbe uondoke. Nyumba yenye watoto, mwenye kukiwasha hajulikani kamwe.

Programu zilizolazwa

Hapa ndipo adhana inapopotelea. Tangu toleo la 6, la mwaka 2015, Android ina utaratibu wa kuzilaza programu kifaa kikiwa kimetulia mezani skrini imezimwa. Toleo la 9 likaongeza kuzipanga programu kwa madaraja: unayoitumia kila siku inapewa nafasi, usiyoifungua siku nyingi inabanwa. Yote hayo yanaendelea kiokoa betri kiwe kimewaka au kimezimwa. Programu ya adhana ni mfano kamili wa kinachoonewa. Huifungui, wala huna sababu ya kuifungua, unachotaka ni isikike tu. Kifaa kinaihesabu kuwa haitumiki, kinailaza, na katikati ya Ramadhani unaamka daku imeshapita.

Kuiamsha:

1. Fungua Mipangilio, ingia Programu, chagua programu unayoihitaji.
2. Gusa Betri, au matumizi ya betri ya programu.
3. Kwenye toleo la 12 na kuendelea utaona ngazi tatu: isiyo na vizuizi, iliyoboreshwa, na iliyodhibitiwa. Chagua isiyo na vizuizi.

Samsung wameongeza yao juu ya hayo. Ndani ya Betri kuna sehemu ya mipaka ya matumizi ya chinichini, yenye orodha za programu zinazolala, zinazolala fofofo, na zisizolala kamwe. Programu iliyoko kwenye orodha ya kulala fofofo haifanyi chochote mpaka uifungue mwenyewe; haitakuletea ujumbe, haitapandisha fomu, haitaadhini. Itoe huko, uiweke kwenye zisizolala kamwe. Usiijaze orodha hiyo, lakini. Weka zile tu ambazo zikichelewa unaumia. Facebook ikichelewa haimuumizi mtu.

Kwenye Huawei na jamii ya Tecno kuna pia ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe. Bila hiyo, hata ukiondoa vizuizi vya betri, ukizima kifaa na kukiwasha programu haiamki. Na ile tabia ya kufungua programu za karibuni na kuzifagia zote kwa kidole, ukidhani unaokoa betri, kwenye baadhi ya vifaa hivyo ni sawa na kuzifunga kabisa. Usiifagie uliyotaka ifanye kazi usiku.

Anayepima mashamba ndiye anayepata hasara ya kuonekana kwa macho. Kiokoa betri, kwenye vifaa vingi, husimamisha huduma ya kutambua mahali pindi skrini inapozimika. Chukua shamba la korosho la mraba huko Nanyamba. Bwana shamba anaanza kutembea kutoka kona ya kwanza kishikwambi kikiwa mkononi, anafika kona ya pili, skrini inajizima. Anaendelea kutembea, anaipita kona ya tatu akipiga stori na mwenye shamba, anafika ya nne, anagusa skrini inawaka, anamalizia pale alipoanzia. Kwenye ramani, mstari umekatiza kutoka kona ya pili mpaka ya nne kama vile kona ya tatu haijawahi kuwepo. Shamba la ekari 4 linasomeka 2.

"Bwana shamba, hizi mbili nyingine nimemuuzia nani?"

"Shikamoo mzee. Hujauza. Tunazunguka tena."

Kwa kazi ya aina hiyo fanya mambo matatu kabla ya kuondoka ofisini: zima kiokoa betri, ipe programu ya kupimia nafasi isiyo na vizuizi, na kwenye ruhusa zake za mahali hakikisha haijanyimwa. Halafu refusha muda wa skrini kuwaka, upo chini ya Onyesho ndani ya Mipangilio, uuweke dakika 10 au hata 30. Ukimaliza shamba la mwisho rudisha ulivyokuwa, maana skrini ndiyo mlaji mkubwa wa chaji.

Swichi isiyobonyezeka

Kama hujachomeka chaja na bado swichi imefifia, au kuna maandishi yanayosema kifaa kinasimamiwa na taasisi, ujue kuna mtu mwingine mwenye funguo. Vifaa vya kazini mara nyingi vimewekewa programu ya usimamizi inayoamua nini kiguswe na nini kisiguswe. Usihangaike kukirudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani. Utapoteza kazi zako na kikiwaka kinaweza kudai usimamizi uleule. Nenda kwa afisa TEHAMA wa halmashauri, au kwa aliyekukabidhi, umweleze programu gani inakwama na inakwama vipi. "Kinasumbua" haimsaidii. Mwambie, "Fomu hazipandi mpaka niifungue programu kwa mkono," ataelewa mara moja.

iPad na zile za Windows

Hizi hazina mengi. iPad ilipata hali ya kuokoa betri kwenye iPadOS 15, mwaka 2021, kwa hiyo iliyo chini ya hapo haina. Unapita Settings, kisha Battery, kisha unazima "Low Power Mode". Inajizima yenyewe pia chaji ikifika asilimia 80. Hali hiyo ikiwa imewaka, iPad huifunga skrini baada ya sekunde 30, na watu wengi huja wakilalamikia hilo, si betri. Ikijirudia kila siku saa ileile, tazama programu ya Shortcuts, sehemu ya otomatiki, kama kuna agizo liliwekwa.

Tableti za Windows: bonyeza picha ya betri chini kulia, zima kiokoa betri hapohapo. Kisha Settings, System, sehemu ya umeme na betri, ushushe ile asilimia ya kujiwasha. Kwenye vingi huja imewekwa 20.

Ukishakizima, chaji utaipata wapi?

Haina maana kuzima kiokoa betri halafu saa sita mchana kifaa kikazimika kabisa. Kabla ya kulaumu betri, tazama chaja. Wengi huku wanachaji kishikwambi kwa chaja ya kitochi, au kwa waya wa sola iliyotengenezwa kwa ajili ya taa na simu ndogo. Soma yale maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Tuseme una Galaxy Tab A8, yenye betri ya ujazo wa 7,040 mAh, ambao ni kama wati-saa 27, yaani chaja ya wati moja ingeijaza kwa saa 27. Chaja ya volti 5 na nusu ampea inatoa wati 2.5, kwa hiyo inahitaji zaidi ya saa 10 kuijaza, na hapo usiiguse. Chaja ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10, inamaliza kabla saa tatu hazijatimia, tatu na kitu ukihesabu kinachopotea njiani. Umeme ukirudi kwa saa mbili tu, tofauti ya chaja hizo mbili ndiyo inayoamua kama kesho utafanya kazi. Waya nao una sehemu yake: mwembamba wa bei ya chini sana unabana umeme hata chaja ikiwa nzuri.

Pawabenki ya 10,000 mAh watu hudhani itajaza kifaa cha 7,000 mara moja na nusu. Haifiki. Umeme wake unapandishwa volti kabla ya kutoka, kiasi fulani kinapotea kama joto, na unachopata ni kujaza mara moja hivi. Kwa safari ya basi kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550, inatosha. Kwa wiki nzima ya kuzunguka vijiji, chukua ya 20,000.

Kingine kinachokula chaji ni kutafuta mtandao. Minara ikiwa mbali, kifaa huongeza nguvu ya kutuma na kupokea, na chaji inayeyuka skrini ikiwa imezimwa. Ukishapita Nangurukuru kuingia njia ya Liwale, kwenye mapori ambako huna wa kumpigia, washa hali ya ndegeni. Hapo unaokoa kuliko kiokoa betri kingekuokolea, na programu zako hazijaguswa. Kupima shamba bado kunawezekana, maana GPS inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, haihitaji laini. Ila itachukua muda kidogo zaidi kukupata mara ya kwanza.

Na joto, tena. Apple wanashauri iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na betri za aina hii, lithiamu, zina tabia moja bila kujali nembo: joto linazizeesha. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, ndani ya nyumba ya bati huku pwani, nyuzi 35 si jambo la ajabu. Usichaji kishikwambi kikiwa juu ya godoro au chini ya mto. Kitoe kava, kiweke sakafuni kwenye saruji, na video isubiri kwanza.

Kuna siku utakihitaji kiokoa betri kiwake, na hapo kiwashe mwenyewe kwa kile kitufe cha juu, bila kugusa ratiba. Mfumo ukijisasisha usiku na kifaa kikajizima na kuwaka upya, asubuhi pita mahali pawili tu: mstari wa ratiba, na orodha ya programu zinazolala. Masasisho makubwa wakati mwingine hurudisha mipangilio ya kiwandani kwenye sehemu hizo, na programu ya adhana huwa miongoni mwa za mwanzo kulazwa.